Mzabibu Uliowekeshwa

Wifi yangu Wambeti alikuwa mtu wa kununa. Nasema hivyo mapema, msije mkadhani nimekaa hapa kumpaka marehemu mafuta. Mtu mwingine akikasirika atapiga kelele, atatupa sufuria, yataisha. Wambeti alianza kukupa heshima. Siku za amani aliniita wifi, au "wewe mama wa maneno," kwa sababu mdomo wangu ni mrefu na sijawahi kuukana. Siku nilizomkosea aliniita mke wa Ngari. "Mke wa Ngari, chai iko tayari." Nikisikia hivyo nilijua nimekwisha, nikaanza kujiuliza nilisema nini na nilimsemea nani.

Ngari ni mume wangu, kaka yake Wambeti. Walizaliwa watatu: Wambeti mkubwa, Ngari wa katikati na Cicily kitinda mimba. Boma letu liko Kiambere, juu ya mteremko unaoshuka hadi mto Tana, mahali pa ndengu na mawele na mbuzi, na jua lisilo na adabu. Wambeti alikuwa ameolewa ng'ambo ya kilima, lakini mumewe Mbaka alifariki binti yao Wambura akiwa bado ananyonya. Wakwe walitaka arithiwe na shemeji yake. Akafunga nguo zake, akambeba mtoto, akarudi kwa baba yake. Mzee alinung'unika weee, mwishowe akamkatia kipande cha shamba kinachopakana na langu. Hivyo ndivyo nilivyopata wifi wa kudumu, na hakuna aliyeniuliza.

Sasa lazima niwaeleze habari ya majina, kwa sababu bila hiyo mtadhani watu wazima waligombania matunda. Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu tu linapendeza. Binti wa kwanza huchukua jina la mama yake baba. Wa pili huchukua la mama yake mama. Hivyo bibi anarudi, anaitwa tena uani, anatumwa maji, anagombezwa. Asiyerudishwa amepotea. Mama mkwe wangu aliitwa Kathambi, na jina lake lilikwama. Mimi nilimzalia Ngari wavulana watupu, wanne, wote wenye kelele kama mimi. Wambeti alizaa huyo Wambura mmoja, akampa jina la mama yake Mbaka kama inavyotakiwa, kisha mume akafa. Cicily aliolewa Meru na mtu anayeitwa Thuranira, naye akajaza nyumba wavulana. Tukikutana sote kupepeta mawele, mama mkwe alituangalia mmoja mmoja akitikisa kichwa.

"Nyinyi mtanizika pamoja na jina langu," alisema. Alikuwa anacheka, lakini hakuwa anatania.

Zabibu ililetwa na bwawa. Miaka ya themanini, wakati bwawa la Kiambere linajengwa, Wambeti alifua nguo za Wazungu wa kambi. Alibeba mafurushi hadi nyumbani na kufulia kando ya boma. Kulikuwa na fundi mmoja wa mitambo aliyependa zabibu kama mtoto anavyopenda miwa, na siku moja akampa Wambeti vishada vilivyoanza kuharibika. Mama mkwe na Wambura walikula wakatema mbegu pale pale maji ya sabuni yalipomwagwa. Mimi sikula. Nilidhani ni dawa ya minyoo.

Mbegu ziliota, na mbuzi wakala miche yote isipokuwa mmoja, ambao mama mkwe aliuwahi na kuuzungushia miiba. Kila jioni aliumwagilia maji ya kuoshea vyombo. Nilimuuliza kwa nini anahangaika na gugu la Wazungu. Akasema anataka kuona litazaa nini kabla hajafa. Hakuona. Mzabibu ulikuwa umefika juu ya ua alipougua kifua, na tulimzika nyuma ya nyumba yangu, karibu na mti wa mukau.

Ulizaa msimu uliofuata. Punje zilikuwa ndogo, nyeusi kwa nje. Zile za yule Mzungu zilikuwa nyeupe ukizipasua, lakini hizi zilikuwa nyekundu hadi ndani. Wambura alizila akatokea mlangoni na mikono kama ya mtu aliyetoka kuchinja, nikapiga yowe kabla sijaelewa. Wambeti alikaa chini ya ule mzabibu, akapasua punje moja, akaangalia wekundu wake. Kisha akasema, "Ni msichana."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alienda kuwaita majirani, tukasimama pale wanawake watu wazima, tukapiga vigelegele vitatu, vya msichana, maana vya mvulana ni vitano. Akaupa jina la Kathambi. Ngari alisema jua limetuingia kichwani. Na mimi nilifikiri ni mchezo, mpaka asubuhi moja nilipokuwa nachambua kunde nikamsikia Wambeti akigomba nje, "Kathambi, mbona umelegea hivyo, na jana nimekupa maji?" Jina la mama mkwe lilikuwa linaitwa tena uani. Nililia juu ya zile kunde, na sikumwambia mtu.

Miaka ikapita hivyo. Wambeti alikamua zabibu zake na kutengeneza mvinyo kwa njia ile ile aliyotumia mama yake kutengenezea pombe ya asali: ndani ya kibuyu, na lile tunda kavu la muratina la kuuchachusha, kando ya meko ili usipate baridi. Wazee waliokuja kwa mambo ya mahari waliuonja wakaomba waletewe tena. Wakiuliza kinywaji hiki ni nini, Wambeti aliwajibu, "Ni wa Kathambi," na wazee walipokea jina hilo na kikombe bila swali lingine.

Halafu ukaja ukame wa mwaka 2009. Wale mliouona hamhitaji kuelezwa, na ambao hamkuuona sitaki kuwaharibia siku. Kwetu jua likizidi, mwenye mbuzi huwawekesha. Unampeleka jike kwa ndugu au rafiki aliye na majani, anamtunza, anakunywa maziwa, na watoto mnagawana baadaye. Lakini mbuzi hubaki wako, hata akae huko miaka kumi. Hamwandikiani chochote. Kuna sharti moja tu: mbuzi akifa, mtunzaji hukuletea ngozi. Ukiiona ngozi unasema "nimeiona," na mambo yameisha. Asiyeleta ngozi amekula mbuzi wa watu.

Wambeti aliona mzabibu unakauka kuanzia juu. Akakata vijiti, akavifunga kwa gunia bichi, akazungushia kamba ya mbuzi, na tukasafiri yeye na mimi hadi kwa Cicily. Shamba la Thuranira liko upande wa chini wa Meru, kwenye joto kama letu, lakini wao wana maji ya mfereji. Cicily alitupokea vizuri. Alikuwa mtoto mzuri, yule Cicily, niliolewa nikamkuta bado anavaa sare ya shule, na nywele zake nilizisuka mimi.

"Cici, nakuwekeshea mbuzi," Wambeti alisema, akampa lile furushi.

Cicily akalipokea kwa mikono miwili. "Anaitwa nani?" Aliuliza kwa utani tu.

"Si unamjua. Kathambi."

Mama yake Thuranira alikuwa mlangoni akimenya maharagwe. Bibi huyo aliitwa Kaari. Alitusikia, akasema bila kuinua macho, "Kwenu mnarudisha mama zenu hata kwa miti. Mimi hapa nimekosa hata kwa mtu." Cicily aliinama akajifanya anafungua kamba. Mimi niliona aibu kwa niaba yake, nikaanza kusifu maharagwe.

Mzabibu wetu wa nyumbani ulikufa mwaka ule ule. Ulikauka mpaka Ngari akaukata kuni. Nilidhani Wambeti atalia, lakini alisema tu kwamba Kathambi yuko Meru kwa mtoto wake, anakunywa maji. Kila aliposimuliwa habari za huko aliuliza kwanza habari za Kathambi, halafu za wapwa zake. Cicily alijibu kwenye simu kwamba amekua, kwamba ameweka mikono juu ya waya, kwamba amezaa. Wambeti alilala usingizi mzuri miaka hiyo yote. Jina la mama yake lilikuwa mikononi mwa mtoto wa mama yake.

Vijiti vile vikawa shamba. Majirani wa Cicily walipanda, wakaunda kikundi cha mvinyo, na akaja afisa wa kilimo, Bwana Ndambiri, mtu mpole anayependa kueleza. Yeye ndiye aliyesema kwamba mzabibu ulioota kwa mbegu haufanani na mama yake, ni kama mtoto wa mtu, na kwamba huu mwekundu hadi ndani ni aina mpya, hajauona mahali pengine. Mtengenezaji mmoja wa mvinyo kutoka Nairobi alitaka kuununua. Lakini kitu kipya lazima kiwe na jina ambalo kila mtu atalitumia, na lazima ijulikane kilitoka wapi.

Cicily akapiga simu. Wambeti alikuwa anaongea kwenye simu kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya Tana, kwa hiyo nilisikia yote.

"Dada, kutakuwa na sherehe ya kupatia zabibu jina. Ukuje. Ukuje na wifi."

"Si jina liko."

"Wewe kuja tu, dada. Tutaongea."

Hiyo "tutaongea" haikunipendeza na nilisema hivyo. Nilimwambia Wambeti ampigie tena amuulize waziwazi. Alinijibu, "Mke wa Ngari, yule ni mtoto wa mama yangu," na jina hilo la mke wa Ngari nililibeba mpaka Jumapili.

Tulienda. Wambeti alivaa leso mpya na shanga za mama yake, zile ambazo hakuwa amezivaa tangu mazishi. Kulikuwa na mahema, viti vya plastiki, wali na nyama ya mbuzi, wanawake wa kikundi wamevaa sare. Mbele ya safu za kwanza za mizabibu kulikuwa na kibao kilichofunikwa kwa leso. Cicily alitukumbatia haraka haraka kisha akapotea jikoni. Kila nilipomtafuta alikuwa anabeba kitu.

Wakati ulipofika waliwaita wanawake wasimame karibu na kibao. Wambeti alisimama mbele kabisa, na hakuna aliyemzuia, alikuwa dada mkubwa wa mwenye shamba. Bibi Kaari, aliyekuwa amezeeka hadi kuwa mdogo kama mtoto, aliletwa kwenye kiti chake na blanketi magotini, na yeye ndiye aliyepewa pembe ya leso avute. Nikajiuliza kwa nini yeye. Leso ilipoanza kuteremka Wambeti hakusubiri kusoma. Aliinua kichwa akapiga kigelegele cha kwanza, kirefu, kilichotoka chini kabisa tumboni, na wanawake wote wakamfuata.

Kibao kiliandikwa ZABIBU KAARI.

Kigelegele cha pili na cha tatu vilipigwa na wengine. Wambeti alibaki ameinua mkono karibu na mdomo, na mkono huo ulishuka polepole. Bwana Ndambiri alianza kueleza kwamba aina hii ilijiotea yenyewe papa hapa kando ya mfereji, kama alivyosimuliwa na Mama Mwenda, yaani Cicily, na watu wakapiga makofi. Bibi Kaari alikuwa anagusa herufi za kibao moja moja. Hakujua kusoma. Alikuwa analia kwa furaha.

Tulimkuta Cicily nyuma ya jiko, amesimama na mwiko mkononi kama mtu anayengoja polisi.

"Nilikuwekeshea mbuzi, Cici," Wambeti alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Kama alikufa, ngozi iko wapi?"

"Dada, mzabibu si mbuzi."

"Nilipokuletea ulijua ni mbuzi. Ulimpokea kwa mikono miwili ukaniuliza jina."

Cicily akaanza kulia. Alisema tangu aolewe nyumba ile anasikia wimbo mmoja, kwamba ni mwanamke aliyekuja kujaza wavulana na kumpoteza mama wa watu. Alisema Ndambiri alipouliza jina, bibi alikuwa ameketi hapo hapo, akimkazia macho yeye Cicily. "Ningesema nini? Na binti wa kwanza si ni wa kwao? Hata wewe, dada, mtoto ulimwita Wambura."

"Wambura nilimzalia kwa Mbaka. Huyu hakuzaliwa hapa. Alikuja mgongoni mwangu na jina lake."

"Tutapanda mwingine. Huyo wa pili tumwite Kathambi."

"Mwingine gani? Vijiti vyote ni yeye."

Sikuweza kunyamaza. Nilimuuliza Cicily kama na lile la kujiotea kando ya mfereji ni mila pia, au hilo alilitunga mwenyewe. Mama yake aliyezungushia miiba, aliyemwagilia maji ya vyombo, amemfuta hata hapo? Cicily alitazama mwiko. La jina ningeweza siku moja kulimeza. Kumwondoa mama yake hata kwenye miiba, hilo halimezeki.

Nikageuka niende kwa Ndambiri nimweleze mbele ya mahema yote. Wambeti alinishika mkono.

"Utamvua yule mzee jina mbele ya watu?" aliniuliza. "Yeye amenikosea nini?"

"Na mama?"

"La mama tulilipigia uani kwetu. Hili limepigiwa vigelegele mbele ya watu wote, halirudi. Na cha kwanza nimekipiga mimi."

Hapo ndipo nilipoona uso wake, na sitaki kuueleza. Alirudi hemani, akamsalimia Bibi Kaari kwa mikono miwili, akala wali, akakunja leso yake vizuri. Tulipoaga, Cicily alitaka kumkumbatia. Wambeti alimpa mkono. "Asante kwa chakula, mke wa Thuranira," alisema. Maishani mwake hakuwahi kumwita hivyo. Alikuwa Cici tangu akiwa na meno mawili.

Nyumbani alizivua shanga za mama yake akanipa mimi, akasema niziweke, yeye hana tena pa kuzivalia. Nilimwambia asinune. Akaniambia hanuni. Na kweli, kununa kwake nilikujua, na huko hakukuwa kununa.

Cicily alikuja baada ya mavuno. Alikuja peke yake, na chupa ya mvinyo wa kwanza uliouzwa madukani, imefungwa kwa kitambaa. Karatasi ya chupa ilikuwa na mchoro wa mlima na jina Kaari kwa herufi za dhahabu. Nafikiri alitaka amani. Nafikiri alikuwa amejiambia kwamba dada mkubwa hawezi kufunga moyo mpaka kufa. Wambeti alitoka nje akafuta mikono, akaipokea ile chupa kwa mikono miwili. Akaiinua kwenye jua, na ule wekundu ukamwangukia usoni na kwenye kola ya gauni. Akaigeuza upande mmoja na upande mwingine, kama mtu anavyokagua ngozi kuona kama kuna alama ya fisi au ya kisu.

"Nimeiona," alisema.

Cicily alielewa. Alikua kwenye boma lile lile na mbuzi wale wale. Akasema, "Dada, si hivyo. Nimekuletea tu zawadi."

"Nimeiona. Mambo yameisha." Akanipa chupa niiweke juu ya dari, mahali tunapoweka ngozi. Kisha akamkaribisha aketi, akampikia chai, akaimimina kwenye kikombe cha wageni, kile chenye sahani yake. Alimuuliza habari za safari, za mvua, za watoto. Nilikaa pale nikitamani amtukane. Ningelipa chochote kusikia tusi moja.

Alimsindikiza hadi barabarani, kama inavyotakiwa, na mimi nikafuata nyuma. Njia hiyo inapita nyuma ya nyumba yangu, kando ya mukau. Cicily alipunguza mwendo pale kaburini, akamtazama dada yake, akangoja wasimame pamoja kama walivyozoea. Wambeti alikuwa ametangulia. Kule barabarani alimpa mkono.

"Safari njema, mke wa Thuranira," alisema. "Umsalimie mama yako."

Wambeti amefariki juzi juzi, kwa presha. Yeye amesharudi. Wambura ana binti wa pili, anaitwa Wambeti, na tayari ananuna vizuri. Kathambi hajarudi. Chupa bado iko juu ya dari na haijafunguliwa.

Siku ya mazishi Cicily alikuja na kikundi chake kutoka Meru. Familia tulikuwa tumetengewa hema la mbele, karibu na jeneza, na nilikuwa nimemwekea kiti kando ya Ngari, pamoja na hasira zangu zote. Alipita akakiona kile kiti. Akaenda akaketi hema la wageni, na hakuna aliyemwambia akae huko.